Mstari wa Mjane wa Pili

Kope langu la kushoto lilikuwa na ratiba yake. Asubuhi lilikuwa wima, kama la mtu yeyote mwenye shahada na njaa ya kazi. Ikifika saa nane mchana lilianza kuteremka, na kufikia saa kumi lilikuwa limefunga duka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, na kazi pekee niliyokuwa nimepata mjini ilikuwa ya kutumia macho.

Ilikuwa kazi ya kusoma prufu, zile nakala za kukaguliwa kabla ya kuchapwa, katika kiwanda kidogo cha uchapaji River Road, ghorofa ya pili, juu ya duka la misumari na mabomba. Tulichapa kadi za harusi, kalenda, vitabu vya risiti, na zaidi ya yote programu za mazishi: vile vijitabu vyenye picha ya marehemu jaladani, historia ya maisha yake, orodha ya wote aliowaacha, na nyimbo mbili tatu nyuma. Familia ilileta maelezo yaliyoandikwa kwa mkono, fundi wa kompyuta akayapanga, nami nikalinganisha karatasi ya familia na prufu, mstari kwa mstari, kabla mashine haijawashwa.

Mwenye kiwanda alikuwa mzee wa Mombasa, mtu wa kofia na koti, aliyeishi Nairobi miaka mingi bila Kiswahili chake kushika vumbi. Aliniajiri kwa majaribio ya miezi mitatu.

"Mwanangu," aliniambia siku ya kwanza, "mashine ikiharibika hapa, fundi yupo. Jicho la msomaji likiharibika, mimi sina fundi wa hilo. Unanielewa?"

Nilimwelewa vizuri sana. Ndiyo maana nilichagua meza iliyo kando ya dirisha, ili kutoka mlangoni anione shavu la kulia tu.

Fundi wa kompyuta alikuwa akinitazama kutoka upande wa pili. Baada ya wiki moja akashindwa kuvumilia.

"Manze, mbona unanikonyeza kila saa tisa? Mimi niko na bibi."

"Ni usingizi."

"Usingizi ya jicho moja?"

Shangazi yangu, niliyekuwa nikikaa kwake Kileleshwa, hakuhitaji wiki. Alikuwa karani wa benki, mtu wa kuhakiki sahihi za watu, na uso wangu ulikuwa umeacha kufanana na sahihi yangu. Kwanza alisema ni vitabu vyangu vya watu wasiomwamini Mungu. Kisha akasema ni taa. Nilipomimina chai pembeni ya kikombe, kwa sababu niliona vikombe viwili nikachagua kisichokuwepo, akanikamata mkono na kunipeleka kwa daktari Upper Hill.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye subira ya kutisha. Aliniambia niangalie dari bila kupepesa. Kope likashuka taratibu, kama muumini anayesinzia wakati wa mahubiri. Kisha akatia barafu ndani ya glavu ya mpira, akaifunga, akaniwekea juu ya jicho kwa dakika mbili. Alipoiondoa na kunipa kioo, kope lilikuwa juu.

"Inaweza kuwa bahati," nikasema.

"Turudie," akasema. Akangoja lishuke, akarudia. Likapanda tena.

Akanieleza. Neva hupeleka ujumbe kwa msuli kupitia vilango vidogo, na askari wa mwili wangu mwenyewe, wale wanaopaswa kupigana na magonjwa, walikuwa wanavifunga vilango hivyo. Msuli ulikuwa mzima ila haukusikia. Baridi huusaidia kidogo usikie.

"Kwa nini wanipige mimi? Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Hatujui."

"Hamjui?"

"Wanapiga wapi, tunajua. Kwa nini wameanza, hatujui."

Nilimheshimu kwa jibu hilo, na nikamdharau kwa jibu hilo hilo. Nikatolewa damu, nikapigwa picha ya kifua. Vidonge vya kwanza nilivyopewa, vya kuuongezea msuli nguvu kwa saa chache, vilinipa tumbo la kuendesha na jicho likabaki palepale. Niliporudi akatamka neno steroidi. Ningeanza na dozi ndogo, iongezwe kidogo kidogo, nimeze asubuhi baada ya kula. Nikishindwa kumeza chakula au kuvuta pumzi, nisingoje kesho, niende hospitali mara moja, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kutoka machoni ukashuka.

Nilikuwa nimesikia habari za dawa hiyo, nikatoa kalamu. "Kwa hiyo itanivimbisha uso."

"Inaweza."

"Itanifukuza usingizi, itanipandishia sukari na presha, italegeza mifupa, na wiki za kwanza inaweza kulifanya jicho liwe baya zaidi."

"Ndiyo. Ndiyo sababu tutakupima kila mara."

"Na hii ndiyo dawa?"

"Hii ndiyo dawa," akasema, akanipa karatasi.

Nilivinunua vidonge hivyo vya steroidi. Nyumbani niliketi kitandani nikasoma kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya pakiti, kwa kalamu nyekundu. Nilipata makosa matatu ya tahajia na sentensi isiyo na kitenzi. Watu wasioweza kumaliza sentensi, nikajiambia, watajuaje dawa yao inaishia wapi? Nikavitia vidonge kwenye droo chini ya vitambaa, nikamwambia shangazi kuwa nameza.

Halafu nikapata wazo lililoonekana kwangu kuwa la akili sana. Daktari mwenyewe alikuwa amelipandisha kope kwa barafu, mara mbili, mbele ya macho yangu. Barafu haivimbishi uso. Barafu haina kikaratasi. Kwa nini nimeze sumu ya mwezi mzima kufanya kazi ambayo glavu moja inaifanya kwa dakika mbili?

Chini ya jengo letu palikuwa na kibanda cha soda chenye friza, na mwenye kibanda aliuza zile barafu za rangi katika vifuko virefu vya plastiki, za watoto wanaotoka shule. Mzee wa kiwanda alikuwa na desturi yake. Alishuka kuswali alasiri, na akirudi, kama saa kumi na robo, alisimama nyuma ya meza yangu kuangalia prufu za siku. Basi saa kumi kamili mimi nilikuwa ngazini, nimeegemea ukuta, barafu nyekundu juu ya jicho. Dakika mbili. Nikapanda mbio, kope juu, nikakaa kama askari wa gwaride. Nilikuwa na dakika chache tu kabla halijaanza kushuka tena, lakini mzee alikuwa mtu wa haraka.

"Mbona shavu lako linanata?" fundi aliniuliza siku moja kifuko kilipotoboka.

"Ni losheni."

"Ya stroberi?"

Nilichokuwa sijakifikiri ni hiki. Kope likishuka kabisa, jicho la kushoto linafunikwa, na mtu huona kwa jicho moja: vibaya kwa sura, lakini vizuri kwa kusoma. Kope likipanda, macho yote mawili yanafunguka, na ya kwangu hayakuwa yakitazama mahali pamoja. Kwa hiyo dakika zile zile nilizoonekana mzima ndizo nilizoona kila kitu mara mbili. Mstari mmoja ulikuwa na pacha wake juu kidogo, umepauka, unaelea. Ningeweza kufunika jicho kwa kiganja, lakini mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikajitungia kanuni: mstari ukijirudia, wa pili ni mzuka. Upuuze.

Kanuni hiyo ilinifikisha wiki ya kumi na moja. Zilikuwa zimebaki wiki mbili nipate barua ya ajira.

Siku moja wiki hiyo kazi iliingia alasiri, programu ya mazishi ya mzee mmoja wa Kiambu, mwenye mashamba na nyumba za kupangisha. Kijana wa familia alikuwa ameleta karatasi za daftari zilizofutwa na kuandikwa upya hadi zikatoboka. Mazishi yalikuwa kesho kutwa. Fundi akapanga upesi, mzee wetu akarudi kutoka msikitini na kusimama nyuma yangu, nami nikiwa nimetoka ngazini na shavu baridi nikaanza kulinganisha.

Kwenye karatasi ya familia nilikuta "Mume mpendwa wa", kisha jina la mke. Kisha tena. Kisha tena. Kisha tena. Mara nne. Nikatabasamu moyoni, nikasema leo mizuka imekuja na wageni wake. Nikaangalia prufu: mara mbili, yaani mara moja. Nikapiga tiki. Mtoto wa darasa la tatu angegawanya nne kwa mbili akashtuka. Mimi nilikuwa na shahada, sikugawanya.

"Iko sawa?" mzee akauliza.

"Iko sawa."

Kesho yake mchana alikuja mama mmoja kuchukua vijitabu, amevaa kitambaa cheusi kichwani na sweta ya kijivu, pamoja na kaka yake wa kubeba maboksi. Akaomba kimoja akiangalie. Alisoma amesimama, kidole chini ya mistari. Akafika mahali, kidole kikasimama. Akageuza ukurasa, akarudi.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

Nilijua ni mjane, kwa hiyo nikamwonyesha. "Hapa, mama. Mume mpendwa wa."

"Huyo ni mwenzangu."

"Pole, mama. Jina lako ni nani?"

Akataja jina. Lilikuwa hilo hilo.

"Basi ndiyo hili, mama. Jina ni hili."

"Jina ni letu sote wawili," akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kulieleza jambo hilo tangu alipoolewa. "Tulibatizwa jina moja, tukachukua jina la mzee wetu. Watu wa nyumbani walikaa kikao wakakubaliana: asiandikwe wa kwanza, asiandikwe wa pili. Mistari miwili, sawasawa. Niliiona ikiandikwa. Huu mmoja ni wake. Mimi niko wapi?"

Kaka yake aliweka boksi chini.

"Kesho watu mia mbili watashika hiki kitabu," akaendelea. "Watoto wangu watakishika. Wataambiwa baba yenu hakuwa na mama yenu?"

Mzee alikuwa ameshatoka ofisini kwake. Hakuuliza swali hata moja. Alimwekea yule mama kiti, akamwagizia chai, akamwambia, "Mama, hutatoka hapa bila mstari wako." Kisha akaamuru ukurasa upangwe upya. Tulikaa sote watatu kuzibandua pini za vijitabu, kijitabu kwa kijitabu, mashine ikitoa kurasa mpya, tukizibana tena. Mama yule alikaa na chai yake mpaka mwisho. Alipopewa cha kwanza alisoma, kidole kikashuka mstari mmoja zaidi, akakifunga. Hakusema asante wala kutulaani. Alisema, "Twende," kaka yake akabeba maboksi.

Alipoondoka mzee akafunga mlango.

"Nani?"

"Mzee," fundi akasema, "mi niliona line imerudiwa, nikadhani jamaa amekosea, nikatoa moja. Nilikuwa nasaidia."

"Wewe kazi yako ni kupanga, si kusaidia. Na huyu kazi yake ni kukukamata." Akanigeukia. "Hukuona?"

Kulikuwa na njia ya kutokea, na niliiona, tena moja tu, wazi kabisa. Ningesema karatasi ilikuwa chafu. Fundi alikuwa ameshakiri, na wiki mbili si nyingi. Lakini nilikuwa nimemwonyesha mjane kwa kidole changu mahali ambapo hayupo, na kidole kile bado kilikuwa na wino.

"Niliona," nikasema. "Niliona mara nne."

Ilibidi nieleze mara nne ni nini, na hapo ikanibidi nieleze jicho, na jicho likaleta barafu, na barafu ikaleta droo. Mzee alisikiliza yote mikono nyuma.

"Barafu," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Mwanangu, mimi nimezaliwa karibu na soko la samaki. Samaki huwekwa barafu ili jicho lake lionekane zima kwa mnunuzi. Hawekwi ili aone."

Fundi akacheka, akajaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi.

"Na dawa unayo?"

"Ninayo, lakini Mzee, nina maswali kuhusu—"

"Maswali mpe daktari. Mimi nina neno moja. Majaribio yako yanaanza upya, miezi mitatu. Asubuhi utaimeza hapa, mbele yangu, na kitu tumboni. Ukikosa siku moja, usije. Na ikishapita saa nane hutasoma kwa macho. Huyu atasoma kwa sauti, wewe funika jicho ufuate."

Nilirudi kwa daktari kukiri pia. Hakunigombeza, jambo lililonikera. Alisema, "Barafu ilikuwa kipimo. Inaniambia ni ugonjwa gani. Kutibu ni kitu kingine." Nilikuwa nimesomea mantiki mihula miwili na sikuwa nimetofautisha hayo mawili.

Nikaanza. Kila asubuhi mzee aliniletea chai ya maziwa na maandazi mawili, akasimama mpaka nimeze, akaondoka. Wiki ya pili kope lilianza kushuka saa nne asubuhi, na la kulia nalo likaanza kufuata. Nilimpigia daktari simu kwa sauti ya ushindi na hofu.

"Dawa yako inanimaliza."

"Unameza chakula vizuri? Unapumua vizuri?"

"Maandazi mawili, tena nataka la tatu."

"Basi vumilia. Nilikwambia hili litakuja."

Alikuwa kweli ameniambia. Hilo ndilo lilikuwa gumu kulivumilia.

Wiki ya tano, saa kumi na moja jioni, fundi aliacha kusoma kwa sauti katikati ya kadi ya harusi. "We, mbona umefungua macho yote?" Nilikuwa nimeondoa kiganja bila kujua. Kope lilikuwa juu, na mistari ilikuwa bado inaachana kidogo mwishoni, lakini siku kumi baadaye ikashikana. Siku hiyo nilisoma kadi nyingine ya bwana na bibi harusi mara tatu. Walikuwa wawili tu.

Uso, hata hivyo, ulianza safari yake. Mashavu yalijaa yakaniinulia miwani ya jua. Nilikula kama mtu aliyeajiriwa kula. Mtaani nilipongezwa: umenona, kazi inalipa, tusaidie na sisi. Nikagombana na kondakta, na mwuza magazeti, na redio. Nikagombana na shangazi juu ya kijiko. Shangazi akaketi kando yangu sofani akanishika goti.

"Niambie tu. Ana miezi mingapi?"

"Nani?"

"Huyo unayekula kwa niaba yake. Na baba yake ni nani? Ni yule wa kompyuta?"

Nilimletea pakiti ya vidonge na kile kikaratasi chenye wino mwekundu. Akakisoma chote, karani wa benki. "Mbona kina makosa ya spelingi?" akauliza, nikampenda upya.

Jicho lilipokaa sawa mwezi mzima nikaenda kwa daktari na hoja iliyopangwa vizuri. Nimepona, dawa imefanya kazi yake, naacha leo. Alitikisa kichwa.

"Juu ya figo zako kuna tezi zinazotengeneza dawa kama hii, ya mwili wenyewe. Sasa zimelala. Una soja kwenu getini?"

"Yupo."

"Mletee msaidizi wa kukesha kila usiku. Baada ya miezi mitatu soja atakuwa anafanya nini?"

"Analala."

"Ukimfukuza msaidizi leo saa hii, geti linalindwa na nani?"

Nilitafuta kasoro katika mfano ule njia nzima mpaka Kileleshwa. Soja wetu, kwa kusema kweli, alikuwa analala bila msaidizi wowote. Lakini niliporudi nikameza kama nilivyoagizwa, ikapunguzwa kidogo kidogo, robo ya kidonge kwa wakati, na mashavu yakaanza kurudi yalikotoka kwa mwendo wao wa kiburi.

Siku ya mwisho ya miezi ile mitatu ya pili mzee alinijia saa kumi na moja kasorobo, saa ambayo zamani nilikuwa kipofu nusu. Aliniwekea karatasi mezani.

"Soma prufu hii. Inatoka leo."

Ilikuwa barua ya ajira, yenye jina langu. Nilitaka kulia, kwa hiyo nikachukua kalamu nyekundu. Macho yote mawili yalikuwa wazi na kila mstari ulikuwa peke yake. Jina langu lilikosa herufi moja, nikairudisha. Tarehe ilikuwa sawa. Aya ya tatu ilisema mwajiriwa atakuwa katika majaribio kwa miezi mitatu kuanzia siku ya kutia sahihi. Nikaisoma tena, nikaipiga mstari kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikaweka alama ya kufuta ukingoni.

Mzee aliichukua, akaisogeza mbali na uso kama wafanyavyo wenye umri wake.

"Hili si kosa la chapa."

"Ni kosa, Mzee. Nimeshajaribiwa miezi mitatu, nikajaribiwa mingine mitatu. Hii ni mara ya tatu."

"Una hakika unahesabu vizuri?"

"Leo, ndiyo."

Akavaa miwani, akaisoma barua yote tangu juu, taratibu, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kisha akampelekea fundi. "Fanya kama alivyoandika msomaji," akasema, akaingia ofisini kwake.

Nilikaa nikingoja nakala safi. Ilipotoka niliisoma nayo, neno kwa neno, kwa sababu fundi yule namjua, kisha nikatia sahihi.